Kopo la Macho Mekundu

Fundi Spoku hakuwa mtu wa kutupa kitu. Nati iliyokwisha meno, pedali iliyobaki peke yake, kipande cha mpira kisichofaa hata kuzibia tundu la panya, vyote vilikuwa na mahali pake kibandani, na ukimwuliza vya nini atakujibu kwamba akiba haiozi. Mkewe alizoea kumtania kuwa siku akifa yatachongwa masanduku mawili, moja la mwili wake na moja la nati.

Kibanda kilikuwa kando ya barabara ya lami, pale inapokutana na njia ya vumbi itokayo bondeni. Nguzo sita, mabati, mashine ya kuchomelea iliyofunikwa gunia, benchi la wateja lililong'aa kwa kukaliwa. Chini ya meza yalipangwa makopo: la nati, la golori, la pini za cheni. La mwisho, lililoegemea ukuta, lilikuwa kopo kubwa la rangi lisilo na mfuniko, na humo ndimo alimotupia macho. Macho ni vile vipande vyekundu vya plastiki vinavyokaa nyuma ya baiskeli mpya, kwenye madigadi, vinavyowaka vikimulikwa na taa za gari. Maofisa huviita rifleta. Pale kila mtu alisema jicho.

Tuelewane kwanza jinsi macho hayo yalivyofika koponi, maana hadithi yote imekaa hapo. Baiskeli ikitoka dukani ni ya kumbeba mtu mmoja na kofia yake. Watu wa kule hawanunui baiskeli ya kupungia upepo. Wanainunua ibebe maziwa, mkaa, majani ya ng'ombe, mlango wa nyumba, wakati mwingine mgonjwa. Kwa hiyo kabla haijafika nyumbani kwa mwenyewe ilipitishwa kwa Spoku, naye aliing'oa keria ya kiwandani, kikeria cha kubebea daftari, na kuchomelea yake ya nondo, yenye miguu minne na mikono miwili ya kando ya kukalishia madebe. Keria ya Spoku haipindi. Ubaya wake ni mmoja tu: nondo ya nyuma hukaa pale pale penye jicho, na viwili hivyo haviwezi kukaa pamoja. Basi kwa miaka thelathini kazi yake ya kwanza kwa kila baiskeli mpya ilikuwa kufungua nati moja ndogo, kulitoa jicho na kulirusha koponi bila kuangalia. Hakuna mteja aliyewahi kuuliza. Mmoja alisema hilo ni pambo tu la kiwandani, na Spoku akacheka, akakubali. Siku moja moja wazo lilipompitia kichwani, alijijibu mwenyewe kwamba hata likibaki litafunikwa na mzigo.

Ufundi aliupata kwa mjomba wake, mtu mkali, mwepesi wa kofi, ambaye mwaka mzima wa kwanza hakumruhusu kushika spana. Alimpa gurudumu na kumwambia alisikilize. Kijana akajifunza kuzipiga spoku kwa ukucha, moja baada ya nyingine, na kujua kwa sauti ni ipi imelegea kabla gurudumu halijaanza kuyumba. Jina likamganda hapo hapo. Hata mke aliyemwoa hulitumia hilo, na lile alilopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho.

Wazazi hao walifuatana kaburini yeye akiwa kijana, wakamwachia mdogo wake wa kike wa miaka sita. Alimlea. Alimpeleka shule amemkalisha kwenye bomba la mbele la baiskeli, mikono yake mwenyewe ikimzunguka mtoto kushika usukani. Alimsuka nywele kwa vidole vyenye grisi, vibaya sana, mpaka mwalimu mmoja akamwita na kumwomba kwa upole aache. Alimfundisha kuendesha baiskeli kabla hajafikisha miguu kwenye pedali. Watu walisema mtoto yule atakua na tabia za kiume. Alikua mwanamke mzuri mwenye maneno machache, naye kila Jumamosi alimletea kaka yake chakula kibandani.

Ndipo kijana mmoja mchukuzi wa maziwa alipoanza kupata pancha kila Jumamosi. Si Ijumaa, si Jumapili. Wiki ya tano Spoku akautoa mpira, akautazama, tundu lile lile, dogo, safi, la sindano ya kushonea viatu.

"Kijana," alimwuliza, "hii barabara yetu ina misumari kiasi hiki?"

"Inayo, fundi. Tena Jumamosi ndiyo inazidi."

Hakuweza kumchukia. Kijana huyo watu walimwita Kengele, kwa sababu alipiga kengele ya baiskeli yake mbele ya kila mlango aliopita, awepo mtu asiwepo, na watoto wa njia nzima waliamka kwa kengele hiyo. Alipomwoa yule dada, Spoku alimpa zawadi ya harusi: keria. Aliichomelea siku mbili, nondo nene kuliko zote alizowahi kutumia, kila kiungo alikipiga tupa mpaka kikawa laini mkononi. Ilikuwa keria nzuri kuliko zote alizozitengeneza maishani. Na kabla ya kuanza, kama kawaida yake, alifungua nati ndogo, akalirusha jicho koponi.

Keria hiyo ilibeba maziwa miaka kumi na minne.

Asubuhi ya ajali ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini, ule ambao ukinyoosha mkono huoni vidole. Alfajiri ilikuwa ndiyo kwanza inapasuka. Spoku alikuwa ameinama anafungua kufuli ya kibanda aliposikia kengele nyuma yake, na sauti ya shemeji yake ikisema, "Fundi, umelala au umeamka?"

"Pita salama, shemeji," akajibu. Hakugeuka. Kufuli ilikuwa na kutu na ufunguo ulikuwa unakataa.

Likapita gari la mkate, lile dogo la kila siku, nalo hakuligeukia. Kisha kutoka upande wa kalavati, hatua kama mia tatu mbele, akasikia mlio wa madebe. Alikimbia. Kitu cha kwanza kukiona kilikuwa maziwa, mengi, yametapakaa kwenye lami na kuingia majanini, na alipomwona Kengele amelala upande wa pili wa kalavati alijua bila kumgusa. Dereva alikuwa ameketi barabarani, mikono kichwani, akisema neno moja tu. "Sikumwona. Sikumwona, jamani, sikumwona." Watu walianza kutokea kwenye ukungu mmoja mmoja, wengine na majembe. Aliyemshika dereva shati na kumwinua kwa nguvu alikuwa Fundi Spoku, naye asingekuwapo mwalimu mmoja aliyejitupa kati yao, siku ile tungekuwa na marehemu wawili.

Msibani watu walikaa, wakalia, wakasema lile linalosemwa siku zote: ajali haina kinga. Ni msemo unaofaa sana. Unamfaa mtu asiye na la kusema, na unamfaa zaidi mwenye la kusema asiyetaka kulisema. Spoku alimwambia dada yake maneno hayo hayo, ameshika mkono wake, na wakati anayasema hakuwa na habari kabisa ya kopo lake. Hilo ni la kumtetea. Baada ya siku tisa hakukuwa tena na la kumtetea.

Siku hiyo ya tisa sajini wa trafiki alifika kibandani na baiskeli ya Kengele nyuma ya gari. Hakukuwa na fundi mwingine karibu, na sheria ilitaka chombo kikaguliwe. Sajini alikuwa kijana mpole, mwenye fomu kwenye ubao na kalamu iliyofungwa uzi.

"Pole na msiba, mzee. Hii uliitengeneza wewe?"

"Keria ni yangu."

"Breki zake?"

"Nzima. Nilimbadilishia raba mwezi uliopita."

"Kengele?"

"Ilikuwepo."

"Rifleta ya nyuma?"

Madigadi ilikuwa imekunjika, lakini tundu la nati lilionekana wazi, la mviringo, na ndani yake kutu ya miaka kumi na minne. Spoku aliitazama ile kutu. Alikuwa mtu wa kutambua spoku iliyolegea kwa kusikiliza, hakuhitaji kuelezwa. Sajini naye aliinama, akachungulia, akasema, "Tundu naliona, yenyewe haipo. Itakuwa ilivunjika kwenye ajali?"

"Itakuwa," alisema Spoku.

Sajini akaandika. Hakuandika itakuwa. Aliandika kwamba rifleta ilikuwepo na ilivunjika kwenye ajali, akampa kalamu, na Spoku akatia sahihi.

Alijiambia amefanya kwa ajili ya dada yake, na nusu ya hilo ilikuwa kweli. Dada mtu hakuwa na jingine moyoni isipokuwa dereva yule afungwe. Hakupiga kelele, hakulaani, alisema tu kila jioni, "Wakishakwambia siku ya kesi, kaka, nitakwenda na watoto wamwone." Na karatasi ile ndiyo ilikuwa kamba ya kumfungia. Dereva alikuwa akisema hakuona kitu mbele yake, nayo karatasi ilisema palikuwa na jicho jekundu linalowaka. Kwa hiyo ama alikuwa amelala, ama amelewa, ama mwongo. Watu walichagua walilolipenda.

Zilipita wiki tatu. Dereva alikuwa ametoka kwa dhamana, na asubuhi moja Spoku aliinua uso akamkuta amesimama nje ya kivuli cha bati, kwa miguu, mwembamba kuliko alivyomkumbuka. Spoku alikuwa na gurudumu mapajani. Hakumkaribisha.

"Fundi, sikuja kuomba kitu," alisema yule mtu.

"Umekuja kufanya nini, basi?"

"Kuuliza. Ile njia nimeiendesha miaka kumi na moja. Taa zangu ziliwaka, nzima zote mbili, polisi waliziona. Wameandika kwamba wewe umesema jicho lilikuwepo. Sasa nieleze lilikaa wapi hasa. Juu? Chini?"

"Unataka kujua ya nini?"

Dereva alisugua uso kwa viganja. "Nimekwenda kupimwa macho. Daktari kasema hayana tatizo, lakini simwamini. Nikivuka barabara na mwanangu namwuliza yeye kama kuna gari. Ana miaka saba. Mwendo niliokuwa nao ulikuwa mkubwa kwa ukungu ule, hilo nalijua na nitalibeba. Lakini kama jicho lilikuwepo, likawaka mbele yangu, nami sikuliona, basi mimi ni kipofu, nami sitaki kuua mtu mwingine. Ni hilo tu. Nilikuwa naangalia, fundi. Naapa nilikuwa naangalia."

Spoku alikuwa anazipiga spoku kwa ukucha bila kujua anafanya nini, na hakusikia sauti hata moja. Alitaka kumfukuza. Alitaka kumwambia kwamba maiti aliyemwacha kwenye kalavati alikuwa mtu wa kujitoboa mpira kwa ajili ya mapenzi. Badala yake alisema, "Nenda nyumbani. Nitakutafuta."

Yule mtu alipoondoka Spoku alilivuta kopo, akalimimina sakafuni. Yalienea mpaka chini ya benchi, mekundu yote, mengine yamepauka, mengine bado na nati yake. Baadhi ya wenye macho hayo aliwajua kwa sura. Kulikuwa na mchoma mkaa aliyegongwa miaka sita nyuma akavunjika nyonga. Kulikuwa na mwanafunzi wa juu kule, na mzee wa majani ya ng'ombe, nao waligongwa barabarani. Hao wote walisemewa kwamba ajali haina kinga, na kinga ilikuwa hapa, chini ya meza yake, karibu na golori. Kikulacho ki nguoni mwako, na Spoku alikuwa amekivaa miaka thelathini akijisifu kwa nguvu za keria. Alilia pale sakafuni, mtu mzima, na mteja aliyekuja na pancha akarudi zake kimya kimya.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwanza kwa dada yake. Alimkuta uani anasugua debe la maziwa kwa mchanga, mikono imezama mpaka viwiko. Jirani ndiye aliyekuwa akimpelekea maziwa kwa wateja siku hizo, na kila siku yalifika yamechelewa.

"Kengele hakuwa na jicho," alisema Spoku. Alisema akiwa amesimama, kwa sababu alihofu akikaa hatasema. "Nililitoa mimi. Nilipomtengenezea keria ya harusi yenu. Kwa afande nilisema lilikuwepo."

Dada aliendelea kusugua. "Yule mtu kakutuma?"

"Hapana."

"Afande amejua?"

"Bado. Natoka hapa naenda kumwambia."

"Ukimwambia, atamwachia."

"Huenda."

Hapo alisimamisha mikono. "Kaka, mimi nimebaki na yule mtu tu wa kumlaumu. Ukimtoa, nitamlaumu nani?"

Spoku alikuwa amelijibu swali hilo njiani, lakini kulisema mdomoni kulikuwa kitu kingine. "Mimi nipo, mdogo wangu," alisema.

Yule mtoto wa kwenye bomba la baiskeli alimtazama. Kisha akaliinua debe, akamwaga maji machafu karibu kabisa na miguu ya kaka yake, wala haikuwa bahati mbaya. "Ondoka kwangu," alisema.

Kituoni aliliweka kopo juu ya meza ya sajini na kueleza yote bila kupumzika. Sajini alimsikiliza, upole ukimtoka usoni kidogo kidogo.

"Mzee, unajua nikitaka naweza kukuweka ndani sasa hivi?"

"Najua."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Ulinipa jibu tayari, nikaliona tamu."

Sajini alichukua jicho moja koponi, akaligeuza geuza, akasema kesho alfajiri wakutane kwenye kalavati. Walikutana. Walileta baiskeli mbili zenye keria za Spoku, kila moja na madebe yake. Moja haikuwa na jicho. Kwenye nyingine Spoku alikuwa amelifunga jicho chini ya nondo ya nyuma, kwa kipande cha bati cha urefu wa kidole na skrubu moja, kazi ya dakika tano. Wakarudi nyuma na tochi. Sajini alimwonyesha namna ya kuishika: kando kabisa ya jicho lake mwenyewe, usawa wa uso, kwa sababu mwanga wa kitu kile humrudia yule aliyekimulika na kumwacha aliyesimama pembeni. Miaka thelathini alikuwa ameyashika macho hayo mkononi, na hilo hakulijua.

Baiskeli isiyo na jicho aliiona alipofika hatua kumi na tano. Nyingine aliiona wakiwa bado mbali, ndani ya ukungu wa alfajiri, nukta moja nyekundu iliyotulia. Mzigo haukuifunika hata kidogo.

"Unaona?" aliuliza sajini.

"Naona," alisema Spoku. Kipande cha bati. Alikuwa na mapande ya bati kibandani ya kuezekea nyumba.

Hukumu haikumfurahisha mtu. Dereva alikutwa na hatia ya mwendo usiofaa hali ya hewa ile, akanyang'anywa leseni, jela hakwenda. Hakimu alimsimamisha Spoku mbele ya watu wote na kumsema kwa sauti kavu, kama mwalimu na mtoto mchafu, kuhusu karatasi na sahihi yake. Dada yake alikuwa benchi la mbele na watoto watatu. Alipotoka alimpita kaka yake bila kumtazama. Nje dereva alimsubiri Spoku, akamshika mkono kwa mikono miwili na hakusema asante, jambo ambalo Spoku alilishukuru.

Wateja wengine walimkimbia. Yeye akalitundika kopo kwenye usukani wa baiskeli yake na kuanza kupita nyumba hadi nyumba. Popote palipokuwa na keria yake alipiga hodi, akaeleza kosa lake, akaomba ruhusa ya kulirudisha jicho. Wengi walimruhusu kwa huruma. Wengine walimcheka, wakasema uzee umeingia kwa dirisha lililokuwa wazi. Mama mmoja muuza mkaa alisimama mkono kiunoni, akamwuliza, "Kwa hiyo miaka yote hii fundi ulikuwa unaniibia jicho langu?"

"Nilikuwa nakuibia, mama."

"Na sasa unaniletea la nani?"

"Sijui. Yamechanganyika."

"Haya, funga hilo hilo. Mwenyewe akilidai nitamtuma kwako."

Akishafunga, alirudi nyuma hatua arobaini, akafumba jicho moja, akaweka tochi kando ya jingine. Kama haliwaki, alirudi kulipinda bati kidogo na kuanza tena. Watoto walimfuata wakiiga, viganja usoni. Kwenye kibanda chake aliweka sharti moja tu jipya. Mtu akianza kusema kwamba ajali haina kinga, Spoku aliweka spana chini, akamwambia kwa adabu, "Hapa usiseme hivyo," na kazi haikuendelea mpaka mtu amenyamaza.

Nyumbani kwa dada yake hakupita. Miezi saba walionana kwa mbali tu, na salamu ilikuwa ile ya watu wanaosubiri zamu zahanati.

Halafu asubuhi moja, kufuli ikimkatalia kama kawaida, alisikia matairi kwenye vumbi nyuma yake. Hakukuwa na kengele. Safari hii aligeuka haraka. Dada yake alikuwa amesimama ameshika baiskeli ya marehemu, iliyonyooshwa na fundi mwingine wa mbali, kazi ya hivi hivi, gurudumu la nyuma likiyumba. Madebe yalikuwa yamejaa na kufungwa. Alikuwa amevaa koti la mumewe na kuikunja mikono ya koti.

"Nitapeleka mwenyewe," alisema. "Nimechoka kusubiri mtu."

"Sawa."

"Niwekee jicho."

"Nitakuwekea."

"Lake," alisema dada.

Spoku aliliinua kopo mezani. Yalibaki machache, kumi na kitu. Aliyatazama. Angeweza kuokota lolote, akaliinua, akasema ndilo hili, naye angelipokea kwa mikono miwili na huenda lingemponya. Mkono ulikwishaanza kushuka koponi. Akausimamisha.

"Silijui," alisema. "Nililirusha bila kuangalia. Huenda limo humu. Huenda nimeshamfungia mtu mwingine."

Lori lilipita, likatikisa mabati. Macho ya dada yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti yake ilitoka ya kawaida.

"Basi linatembea na mtu," alisema. "Niwekee lolote."

Alilifunga. Dada alimshikia bati huku yeye anakaza skrubu, na kwa muda ule vichwa vyao vilikaribiana. Kabla hajamaliza alizipiga spoku za gurudumu la nyuma, akaikaza iliyolegea, kisha inayofuata. Dada alimwachia. Alipopanda hakuaga, alisema tu, "Jumamosi nitapita," akakanyaga pedali na kuingia barabarani.

Bado kulikuwa na giza kidogo. Spoku alitoka mpaka katikati ya lami, akaweka tochi kando ya jicho lake. Ile nukta nyekundu iliwaka, ikaenda, ikapungua, ikafika kwenye kalavati, ikapita. Nyuma ya Spoku likaja gari, likapiga honi, naye akasogea pembeni bila kushusha tochi. Gari likamfikia dada yake, taa za breki zikawaka, likakaa nyuma yake kidogo, likatanua kwa mbali, likampita.

Jicho likaendelea kuonekana. Spoku alisimama pale mpaka barabara ilipopinda, ndipo akarudi kwenye kufuli yake.